Viti vinne vya London kwa pointi za kadi
Wiki tatu nilitafuta viti vinne vya ndege ya London kwa maili, yaani pointi za shirika la ndege za kulipia tiketi, nilizopata kutoka pointi za kadi ya benki. Jibu likawa lile lile: hakuna nafasi. Nilikuwa naanzia Kisumu na kuomba vyote vinne kwa mkupuo.

Usiku mmoja, watoto wamelala, nikaandika Nairobi, abiria wawili. Viti vikatokea! Nikakata changu na cha binti yangu, papo hapo cha mama yake na kitindamimba. Kisumu hadi Nairobi tulilipia kando, tukatangulia siku moja, maana tiketi zisizoungana hazikulindi ndege ikichelewa.

Kodi nililipa kwa pesa. Zikague: Uingereza haiwatozi ushuru wa abiria watoto wa chini ya miaka 16 daraja la kawaida. Dada yangu aliposikia tunakuja wote, alilia kwenye simu.