Kumpima mshambuliaji wa chuo pale Uwanja wa Mkwakwani, Tanga

Mabao ya mechi za vyuo yanadanganya. Kijana anafunga matatu kwa sababu beki kachoka kufika dakika ya 60, na mji mzima wa Tanga umeshamsajili klabu ya Coastal Union kwa mdomo.

Mtazame asipokuwa na mpira. Pasi ikiwa njiani, anageuza shingo kuangalia nyuma ya bega? Asiyeangalia hupokea akiwa ameligeuzia lango mgongo, akabanwa. Ligi Kuu hakuna beki atakayemwachia aguse mara tatu. Mguso wa kwanza uupeleke mpira pembeni kidogo, hatua moja tu. Ukimtoka hatua mbili, ni wa beki.

Kasi ipime mita 10 za mwanzo. Mbio ndefu zinapigiwa makofi jukwaani, lakini boksi (eneo la penalti) lina kina cha mita 16.5, hakuna pa kukimbilia. Mguu dhaifu nao: mpigie krosi 10 kila upande, uhesabu zinazolenga goli.

Umri uulizwe mapema. Wa miaka 23 anayewasukuma wa 19 kwa kifua bado hajaonyesha kitu. Na akipokonywa mpira akasimama kashika kiuno, kocha wa Ligi Kuu atamtoa kabla ya mapumziko.