Siku moja maishani mwangu: kuwasimamisha wazee

Saa kumi na mbili asubuhi niko kwenye feri ya Likoni, Mombasa, nimebanwa katikati ya mikokoteni ya machungwa. Kazi yangu ni mazoezi ya viungo, na wagonjwa wangu wengi ni wazee walioanguka.

Saa mbili. Bibi wa Kibokoni, miaka 78. Aliteleza chooni, nyonga ikavunjika, na jana aliwekewa chuma. Leo lazima asimame. Nilihakikisha kwanza amepewa dawa ya maumivu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Niwate mwanangu, nimechoka."

Binti yake alinitazama kama muuaji. Nikamwambia wazi: mzee akilazwa tu, mapafu huingia maradhi, damu huganda miguuni, mgongo huota vidonda, na misuli huisha upesi kuliko ya kijana. Wazee wanaovunjika nyonga, karibu mmoja kati ya wanne au watano hafikishi mwaka, na mara nyingi si mfupa unaomuua. Akanyamaza. Bibi alipiga hatua tatu kwa fremu ya kutembelea, akanitukana kila hatua, kisha akaitisha chai.

Saa nne. Mzee aliyegongwa na bodaboda, mbavu tatu zimevunjika. Usiku aliweweseka, akimwita marehemu mkewe. Jamaa zake wananong'ona habari za majini. Sibishani nao. Niliuliza tu miwani yake iko wapi, wakasema nyumbani. Mtu haoni vizuri, halali, ana maumivu, hajui ni mchana au usiku; atakosaje kuchanganyikiwa? Nikawaomba wailete, wafungue pazia, wamtajie siku. Halafu tukavuta pumzi ndefu pamoja, mara kumi kumi, maana anayeogopa kukohoa kwa ajili ya mbavu huishia na nimonia.

Saa saba, viazi karai.

Saa tisa nilikuwa Majengo kwa mama mmoja, mwezi wa tatu sasa tangu apasuliwe. Mfupa umeunga vizuri. Lakini wajukuu wanambeba hadi chooni, wanamlisha, wanamvisha. Mapenzi hayo yanamlemaza! Tuliukunja mkeka unaoteleza mlangoni, tukatoboa kiti cha plastiki akiweke juu ya choo cha kuchuchumaa, nikawakataza kumbeba. Mkubwa wao alinuna. Mama alicheka.

Saa kumi na moja, narudi ferini, simu ikalia. Binti wa Kibokoni.

"Mama ataka kukaa kitini. Nimkataze?"

"Muite nesi mumsaidie. Usimkataze."