Hapa Pana Wenyewe

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii sikupanga kuandika habari za karamu. Nilikuwa nimeanza kuandaa Zaburi ya 121, na daftari liko hapa mezani na nusu ukurasa wake. Lakini Jumatano asubuhi nilipanda daladala pale Mwenge kwenda Kariakoo, na tangu hapo moyo umekataa kutulia.

Usiku uliotangulia, Jumanne tarehe 12 Agosti 2025, pale Mlimani City palikuwa na harambee ya Chama Cha Mapinduzi ya kuchangia kampeni za uchaguzi wa Oktoba. Lengo lilikuwa shilingi bilioni 100. Kwa usiku ule mmoja, fedha taslimu pamoja na ahadi, zikapatikana zaidi ya bilioni 86. Ndani ya gari hapakuwa na habari nyingine. Konda, kijana ambaye hata ndevu hazijamjaa, alikuwa anapiga hesabu kwa sauti huku anakusanya nauli: mama lishe wa pale kituoni anauza wali maharage elfu mbili, kwa hiyo bilioni 86 ni sahani milioni 43. Nimeirudia hesabu yake kwenye simu, iko sahihi. Sensa ya 2022 ilituhesabu Watanzania milioni 61 na ushee.

Mzee mmoja aliyekaa mbele akasema mwenye nacho aachwe achangie chama chake, si dhambi. Dada aliyembeba mtoto akamjibu kwa adabu tu, "Baba, sijasema dhambi. Mimi nauliza, aliyetoa milioni mia tano akipiga simu kesho, nani hatapokea? Na mimi nikipiga?"

Gari zima lilinyamaza mpaka tunafika Magomeni.

Nilipofika kazini nikafanya jambo ambalo sasa naona nililifanya kwa haraka. Niliandika ujumbe mrefu kwenye kundi la jumuiya yetu. Niliweka Amosi 6, wale wanywao divai katika mabakuli na kujipaka marhamu iliyo nzuri, "lakini hawahuzuniki kwa sababu ya mateso ya Yusufu." Nikaongeza maneno yangu makali. Amina zikamiminika, nikahesabu kumi na saba. Kisha dada mmoja mpole, ambaye huwa haandiki kitu, akauliza maneno matano: "Na ile ya kwetu, mpendwa?"

Wapendwa, niliiweka chini simu. Nitawaeleza kwa nini, lakini kwanza tusome Neno.

Mithali 23 inaanza hivi: "Uketipo kula pamoja na mtawala, mwangalie sana yeye aliye mbele yako." Halafu inatuambia tusivitamani vyakula vyake vya anasa, kwa maana ni vyakula vya hila. Sulemani aliyajua hayo kwa sababu meza ilikuwa yake. Alijua kwamba chakula cha mezani pa mkubwa mara nyingi si chakula. Hakuna mtu anayelipa mamilioni kwa ajili ya kuku na saladi. Kinachouzwa pale ni ukaribu. Unanunua kiti ili uso wako ukumbukwe, na siku yenye shida zako uingie bila kupanga foleni. Ndicho alichokisema yule dada wa kwenye daladala, na hakuhitaji Biblia mkononi kukiona.

Wala si Dar peke yake. Aprili 2016 huko Marekani, mwigizaji George Clooney alishiriki kuandaa chakula cha kumchangia Hillary Clinton, aliyekuwa akiwania urais, na viti viwili vya meza ya mbele mjini San Francisco vilitajwa kwa dola 353,400. Kesho yake chakula kilikuwa nyumbani kwa Clooney, Los Angeles. Jirani mmoja akafanya tafrija yake ya dola 27, kiasi ambacho wafuasi wa mpinzani wa Clinton, Bernie Sanders, walikuwa wakichangia kwa wastani, na watu wakasimama barabarani wakarushia msafara wa mgombea noti za dola moja moja. Clooney mwenyewe alikiri kwenye televisheni kwamba fedha zile zimepita kiasi. Noti zile zinanigusa. Mtu anayerusha dola yake barabarani anataka aonekane kwamba na yeye yupo.

Nilikuwa na mengine ya kusema kuhusu wanasiasa. Kwamba kuchangia chama kwenyewe ni halali, na tangu 2010 tuna Sheria ya Gharama za Uchaguzi iliyoweka utaratibu wake, hivyo tusizushe yasiyokuwepo. Kwamba na vyama vingine vinachangisha, hata kwa tone tone za kwenye simu. Na kwetu sisi wapiga kura: wakubwa mnalikumbuka neno takrima. Sheria ya uchaguzi ilirekebishwa mwaka 2000 ikaruhusu mgombea kuwakirimu wapiga kura, na Mahakama Kuu ikavifuta vifungu vile mwaka 2006, lakini khanga, kofia, pilau na elfu kumi ya nauli bado tunavipokea kwa mikono miwili na kusema asante. Mkristo anayepokea vile vitu akamlaumu mbunge kwa kutokurudi jimboni ajiulize alimuuzia nini. Haya nayaacha hapo, kwa sababu Roho ananirudisha kwenye lile swali.

Na ile ya kwetu?

Mwaka jana, Novemba, usharika wetu uliandaa chakula cha jioni cha hisani ili tuezeke kanisa. Kenchi zilikuwa zimeshapanda, mabati bado, na mvua ilikuwa inanyesha juu ya madhabahu. Mimi nilipewa kazi ya viti. Meza kuu ilikuwa milioni moja kwa kiti. Meza za katikati laki tatu. Nyuma, karibu na mlango wa jikoni, elfu thelathini. Kadi nilizipanga mwenyewe kwa mkono wangu, za meza kuu zikiwa na utepe wa dhahabu, na niliwaza jinsi ukumbi utakavyopendeza.

Saa kumi na mbili na nusu aliingia mama mmoja wa umoja wetu wa wanawake, mjane, anayeuza vitumbua alfajiri Manzese. Alivaa kitenge cha umoja kilichopigwa pasi vizuri, mikunjo ya pasi ilikuwa bado inaonekana. Masikio yake ni mazito, na kanisani huwa anakaa mbele ili amsikie mchungaji. Basi akapita moja kwa moja mpaka mbele, akaketi kwenye kiti cha mwisho cha meza kuu, akaweka mkoba wake mapajani.

Nilimwendea nikiwa natabasamu. Nilimwinamia sikioni nikamwambia, "Mama, hapa pana wenyewe."

Alinitazama, akasema, "Ah, samahani mwanangu," akainuka. Nilimshika mkono nikampeleka nyuma mpaka mlango wa jikoni, na njiani watu walikuwa wanatupisha. Kile kiti kilikuwa cha mheshimiwa fulani. Hakuja. Alimtuma dereva na bahasha, mshereheshaji akaisoma kwa mbwembwe, tukapiga vigelegele. Kiti kikakaa kitupu mpaka saa tano usiku, na utepe wake wa dhahabu.

Yakobo anasema akiingia kwenye kusanyiko letu mwenye pete ya dhahabu tukamwambia, "Keti wewe hapa mahali pazuri," na maskini tukamwambia, "Simama wewe pale, au keti miguuni pangu," tumekuwa waamuzi wenye mawazo mabaya. Andiko hilo nimelifundisha shule ya Jumapili. Nimelifundisha na picha za kuchora. Na siku lilipoingia ukumbini likiwa limevaa kitenge, sikulitambua.

Sasa sikilizeni, kwa maana haya nayasema kwa upendo na kwa uchungu. Tumekasirika juu ya Mlimani City na tuna haki ya kuuliza maswali, nchi ni yetu. Lakini sisi tumeshawafundisha watoto wetu, ndani ya nyumba ya Mungu, kwamba kiti kina bei. Tunasoma majina ya watoaji kuanzia laki moja kwenda juu, na walio chini ya hapo tunawaita "na wengineo". Mwenye gari kubwa akichelewa ibada, mhudumu anamtafutia nafasi mbele. Akija mtu wa kusukuma mkokoteni na jasho lake, anaonyeshwa benchi la nje chini ya turubai. Halafu tunashangaa kijana aliyekulia kwenye mabenchi hayo akipata cheo anauza ukaribu wake! Alijifunzia wapi? Bwana alisema ufanyapo karamu waite maskini, vilema, viwete, vipofu, "kwa kuwa hao hawana cha kukulipa." Hakusema tuwatengee kona. Alisema tuwaite. Ndugu wazee wa kanisa, akina mama wa kamati, na mimi niliye wa kwanza kuhukumiwa, tukitaka mabati tuombe mabati. Tutoe, tena tutoe mpaka tuumie, mwenye milioni atoe milioni na Mungu ambariki. Lakini kiti kisiwe bidhaa. Wenyewe wa mahali pale ni nani, kama si wale ambao Kristo aliwafia bila kuwadai kitu?

Alhamisi jioni nilikwenda Manzese. Niliuliza uliza mpaka nikafika. Nilimkuta anachambua mchele kwenye ungo, kwa ajili ya vitumbua vya kesho yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu ukae."

Nilikaa mkekani nikamweleza, nikipaza sauti kwa sababu ya masikio yake, hivyo majirani nao walisikia nilichomtendea. Pengine ilikuwa haki. Nililia. Yeye hakulia. Alisema, "Nilishakusamehe siku ile ile, nilipofika tu nyumbani. Ila mwanangu, nilitembea ukumbi mzima huku umenishika mkono kama mwizi." Akaendelea kuchambua mchele. Baadaye akaniambia kwamba tangu pale anakwenda ibada ya kwanza tu, ile ya saa moja, anakaa benchi la mwisho na maneno mengi hayasikii.

Sikuwa na la kujibu. Alinimiminia chai, akauliza, "Mabati mmeshamaliza?"

Nikamwambia bado bando chache upande wa kwaya. Akaingia ndani, akatoka na noti ya elfu tano imekunjwa mara nne, akanipa. Nilitaka kukataa, akanikazia macho. Nimeiandika kwenye daftari la ujenzi kwa jina lake kamili, kwenye ukurasa ule ule wa wenye milioni.

Jumapili hii nimeomba niruhusiwe kusimama kwenye matangazo ya ibada ya pili niseme niliyoyasema hapa. Mchungaji amekubali. Na Mama amekubali nimfuate. Nitakuwa Manzese saa mbili na nusu, ili tufike mapema, benchi la mbele halijajaa.