Siku moja maishani mwangu: fundo lililojifungua

Saa 9 usiku

Naamka kabla ya jogoo wa jirani. Si ushujaa, ni umri. Shimoni, kijiji chetu cha pwani ya Kenya, bado imelala, na upepo wa umande unatoka bara taratibu, ndio utakaotusukuma nje. Tuko mwisho wa kaskazi, bahari imetulia, na leo ni maji mafu, siku ambazo bahari inajaa na kupwa kidogo tu. Sisi wa mshipi, tunaovua kwa uzi na ndoana, tunayapenda maji mafu kwa sababu mkondo haukokoti chubwi, kile kizito cha kuzamisha ndoana. Ukishusha pima 30 unajua ndoana iko chini yako, haijaenda kumtembelea mtu wa chombo kingine.

Nawasha tochi, nakaa barazani na ndoo ya zana. Watu wakisikia mvuvi wanawaza jua, makasia na tanga. Kwangu mimi nusu ya kazi ni hii ya barazani. Sikumbuki lini nilimkosa samaki mkubwa kwa sababu mshipi ulikuwa mwembamba. Waliokwenda na mafundo yangu ninawakumbuka, tena kwa majina ya miamba walipoondokea.

Fundo ninalolipiga ni lile la marehemu baba. Napitisha ncha kwenye tundu la ndoana, naisokota kuuzunguka mshipi wake mara tano au sita, nairudisha kwenye kijitanzi kilichobaki jirani na tundu, halafu naipitisha tena ndani ya kile kitanzi kikubwa kilichojitokeza. Mshipi ukiwa mnene, ule wa milimita 1, mizunguko minne inatosha. Ukizidisha haikai vizuri, inapandana.

Kisha natia mate. Hapa ndipo vijana wanapopaparika. Nailoni ikivutwa kavu inajisugua, inapata moto, na moto huo mdogo ambao hata kidole hakiusikii unaidhoofisha. Limulike fundo la namna hiyo kwa tochi: utaona mshipi umepauka na kujikunja pale juu ya mizunguko. Kata, anza upya. Ramadhani kinywa kinapokuwa kikavu nachovya kwenye maji ya chumvi, na kazi inakwenda vilevile.

Navuta polepole mpaka mizunguko ijipange kama bangili mkononi mwa bibi harusi. Nakata ncha lakini siifyeki yote, nabakisha kama milimita 3. Fundo likijikaza zaidi baharini, liwe na pa kula.

Kwa nguru sifungi nailoni kwenye ndoana, meno yake ni wembe. Huko ni waya, na waya haupigwi fundo, unasokotwa. Nyaya mbili zizungukane zote, isiwe moja imenyooka na nyingine inaizunguka, halafu mwishoni unamalizia na mizunguko iliyobanana. Ncha usiikate kwa koleo, itaacha mwiba wa kukuchana kiganja. Ikunje, izungushe huku na huku mpaka ikatike yenyewe.

Saa 10 alfajiri

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu."

Mpwa wangu amefika, na mkononi ana kitu. Siku nyingine huwa anafanya kazi kwenye boti za wageni wanaokuja kuvua sulisuli na nduaro kwenye mlango wa bahari wa Pemba. Mgeni mmoja amemwachia masalio ya uzi wa kusuka, wa kijani, umezungushwa kwenye gurudumu la plastiki.

Ninaujua uzi huo kwa macho, sijawahi kuuvulia. Ni mwembamba kuliko nailoni ya nguvu ileile, kwa hiyo maji hayaupindi sana, na hauvutiki kama mpira. Samaki akigusa chambo huko chini unamsikia papo hapo. Nikasema leo tuujaribu. Nikachomoa kisu nikate kipande, kisu kikautafuna badala ya kuukata, ncha ikabaki imechanua kama ufagio. Nikaigusisha kiberiti cha gesi ikayeyuka, ikafanya kitone cheusi kidogo, kama kichwa cha njiti ya kiberiti. Nikafurahi, nikijua hicho nacho kitazuia fundo lisiteleze.

Nikaufunga kwenye kile kichuma kinachozunguka, ambacho huzuia mshipi usijisokote. Upande wa pili wa kichuma nikatia nailoni nene ya pima mbili, chubwi na ndoana, kwa sababu uzi wa kusuka ukisugua jiwe hauna maisha. Fundo nikapiga lilelile la baba.

Kijana akatazama. "Mjomba, uzi huu unateleza. Kule kwa wageni tunapiga fundo jingine."

"Fundo hili nilikuwa nalipiga mama yako hajaolewa."

Akanyamaza. Ana adabu zake. Ningeomba leo asingekuwa nazo.

Saa 12 asubuhi

Jua linatukuta tumekipita kisiwa cha Wasini, tanga limejaa. Kisite tunaiacha, ile ni hifadhi na ndoana haitiwi. Tunatafuta ukingo wa nje ambako mwamba unaporomoka.

Kabla ya kutia nanga, nikwambie kuhusu fundo moja ninalolipenda kuliko yote, nalo limefungwa likatike. Kamba ya nanga siifungi kwenye pete ya juu. Naifunga chini, pale kwenye kitako makucha yanapoanzia, halafu naipandisha na kuibana kwenye pete kwa uzi mwembamba wa pamba. Siku zote nanga inavutika kwa juu, inashika. Ikikwama mwambani, tunasogeza chombo juu yake, tunavuta kwa nguvu, uzi wa pamba unakatika na nanga inachomoka kwa kitako kama jino bovu. Nilipoteza nanga mbili ndipo nikajifunza, na aliyenifundisha alicheka sana.

Saa 1 mpaka saa 3

Tumevaa mipira ya tyubu ya baiskeli kwenye vidole, kwa sababu uzi wa kusuka ukikimbia mkononi unakata nyama. Chambo ni ngisi. Kijana anavua kwa nailoni, mimi nina huo uzi mpya, na kwa kweli ni mtamu. Changu akidonoa huko chini ni kama mtu anabisha hodi mlangoni kwako. Natoa changu watatu na chewa mdogo. Nimeanza kujisifu.

Saa 3 na kitu uzi ukazama. Haukudonolewa, ulizama, kama umefungwa kwenye gari. Nikasimama. Mpira wa kidole ukaanza kunuka kuungua. Nikamwachia pima kumi, nikamshika, nikamrudisha pima tatu, akachukua tano. Kijana ameshaanza kupandisha nanga bila kuambiwa. Mimi sisemi kitu, nahesabu pima tu. Nilikuwa nimemgeuza, nakwambia, nilisikia kichwa chake kimegeuka.

Kisha uzi ukawa mwepesi.

Kila mvuvi anaujua wepesi ule. Mkono unaendelea kuvuta kwa mazoea wakati moyo umeshajua. Nikakusanya uzi wote kimya, nikisema moyoni jiwe limeukata, au jino. Mara zote ni jiwe au jino, hatujawahi kuwa sisi.

Ncha ilipofika juu ya ubao kijana akaishika, akaileta karibu na jicho, akanipa bila neno. Kile kitone cheusi nilichokiyeyusha alfajiri kilikuwepo, kizima, mwishoni kabisa mwa uzi. Na nyuma yake vijikunjo sita, kimoja baada ya kingine, pale nilipousokota.

Mshipi uliokatwa na jiwe unarudi umechanika na una makovu. Uliokatwa na jino una ncha fupi safi. Nailoni iliyoponyoka fundoni inarudi na mkia umejiviringa kama wa nguruwe. Hayo nimewafundisha watoto wa watu miaka yote, wakija na hadithi za papa naomba kuiona ncha. Leo ncha ni yangu. Uzi haukukatika popote, ulitoka kwenye kichuma pole pole, kitone na vyote, kama nyoka anayetoka shimoni.

"Limejifungua, mjomba," akasema.

"Naona."

Saa 4 asubuhi

Maji yamesimama, samaki wamefunga vinywa. Nikamwambia haya, nionyeshe hilo la kwa wageni.

Akaukunja uzi mara mbili, kama shibiri moja, akaipitisha ile mikunjo ya pamoja kwenye tundu la kichuma. Kwa uzi huo uliokunjwa akapiga fundo la kawaida kabisa, lile la kila mtu, bila kulikaza. Kitanzi kilichobaki mwishoni akakipanua, akakivisha kichuma kizima mpaka kikapita upande wa pili. Akatia mate, hilo kumbe na wao wanalijua, akavuta uzi na ncha kwa pamoja. Basi. Halina msokoto hata mmoja. Siri yake ni kwamba uzi umepita mara mbili tunduni na fundo linajibana lenyewe kwa lenyewe. Akanionya nyuzi zisipishane ndani, zilale sambamba, la sivyo moja itaikata nyingine.

Ningependa kukuambia tulimpata mwenzake yule samaki na fundo likamshika. Hatukupata. Kolekole mmoja wa kadiri, changu wengine wanne, tukageuza tanga.

Saa 7 mchana

Dikoni, pale vyombo vinaposhusha samaki, tunapima kwa mizani ya BMU, kikundi chetu cha kusimamia ufuo. Kolekole na chewa wanakwenda kwa mnunuzi, changu wadogo wanachukuliwa na mama karanga wetu, mama anayekaanga samaki na kuuza, ambaye ananiuliza mbona nimenuna. Kijana anatazama baharini. Sijui atamhadithia nani, lakini najua kufikia magharibi baraza zote zitakuwa na habari.

Saa 10 jioni

Nimelala kidogo, nimeswali, nimekaa chini ya mwembe na jarife lililotobolewa na kaa. Kushona wavu kunanituliza. Fundo lake ni moja tu kutoka mwanzo mpaka mwisho: sindano inapanda ndani ya jicho la juu, inazunguka shingo yake nyuma, inajipitia chini. Ndilo hilohilo tunalounganishia kamba nene na nyembamba. Natia mafundo hata mia bila kufikiri, na leo sitaki kufikiri.

Saa 2 usiku

Kijana amerudi baada ya isha na pete mbili za chuma. Hakuna aliyemwita. Tukakata kipande cha uzi wa kusuka, mwisho mmoja tukaufunga kwa fundo la baba, mwingine kwa la wageni. Pete moja tukaitundika kwenye msumari wa nguzo, nyingine tukaitia kijiti, tukavuta wawili. Lenye udhaifu litajitaja. Langu likateleza. Tukarudia, nikaongeza mizunguko hadi minane, likashika zaidi kidogo, kisha likateleza.

"Sasa nailoni," nikasema.

Kwa nailoni ya milimita 0.80 tulivuta mara tatu. Mara mbili lilikatika lake, mara moja langu. Nailoni nene haipendi kukunjwa pacha, haikai sambamba upesi. Nikamwomba arudie kuzihesabu kwa sauti, mke wangu ndani asikie.

Basi tumegawana: baba atabaki kwenye nailoni, wageni wamechukua uzi wa kusuka. Nimelipiga lao mara kumi na mbili chini ya taa. Ya saba nyuzi zilipishana, nikaikata mwenyewe kabla hajasema.

Akisimama kuondoka akauliza, "Kesho nije saa ngapi, mjomba?"

"Kumi ileile. Na uje na mkasi, kisu changu hakiuwezi uzi wenu."