Kung'arisha meno nyumbani kwa bei nafuu: anza na chanzo cha rangi

Kwa kuwa ninauza katika duka la dawa hapa Arusha, kila msimu wa harusi unapokaribia ninaulizwa ni dawa gani ya kung'arisha meno inayofaa kwa mtu mwenye kipato cha kawaida. Kabla ya kutaja bei yoyote, mimi huuliza meno yamebadilika rangi kwa sababu gani, kwa maana mtu asiyejua chanzo anaweza kununua dawa tatu mfululizo, zote za bei nafuu, akajikuta ametumia fedha nyingi kuliko ambazo angemlipa daktari wa meno.

Madoa yanayotokana na chai, kahawa, sigara, mirungi au tambuu mara nyingi hukaa juu ya jino. Kwa madoa ya namna hiyo, dawa ya meno ya kawaida yenye floraidi, yaani madini yanayolinda meno, na iliyoandikwa kuwa inang'arisha, hutosha ikitumiwa asubuhi na usiku kwa wiki kadhaa. Ukoga uliokwisha kuganda, hata hivyo, hauondolewi na mswaki wala dawa yoyote ya dukani, bali hukwanguliwa na daktari, na wapo watu ambao wakishasafishwa hivyo hawaoni tena haja ya kununua kitu kingine.

Wifi yangu, ambaye anatarajia kuolewa mwaka huu, aliniletea kikopo cha poda ya mkaa alichokinunua sokoni. Nilimwomba achukue kidogo, aitie maji na kuisugua kati ya vidole viwili, naye akasikia ikikwaruza kama mchanga laini. Poda ya namna hiyo huondoa madoa ya juu, na ndiyo maana watu huisifu wiki ya kwanza, lakini ikitumiwa kila siku inaweza kukwangua pia enameli, yaani tabaka gumu la nje la jino, ambalo likishalika halioti tena. Chini yake kuna dentini, ambayo kwa asili ina rangi ya manjano, hivyo anayesugua kwa bidii akitafuta weupe huishia kuyafanya meno yake yaonekane ya manjano zaidi. Isitoshe, poda nyingi za mkaa hazina floraidi. Limau lichanganywalo na bekingi soda silishauri kabisa, kwa sababu asidi ya limau hulainisha enameli wakati huohuo inaposuguliwa. Dawa za meno za rangi ya zambarau, kwa upande wake, hufunika umanjano kwa muda mfupi tu.

Ikiwa rangi imeingia ndani ya jino, kinachoweza kuifikia ni kemikali iitwayo peroksaidi, ambayo hupenya enameli na kuvunjavunja chembe zenye rangi. Hapa ndipo ninapowasihi watu wasome lebo kwa makini. Jeli ya kabamaidi peroksaidi ya asilimia 10, ambayo madaktari wa meno wameitumia kwa wagonjwa wanaojitibu nyumbani tangu mwaka 1989, hutoa takriban asilimia 3.5 ya haidrojeni peroksaidi, tena polepole, na kwa watu wengi matokeo huonekana baada ya wiki mbili hivi. Jeli kali zaidi huharakisha kazi lakini huongeza ganzi ya meno, yaani kuuma yanapoguswa na kitu baridi. Kwa sheria ya mwaka 2011, Umoja wa Ulaya unataka bidhaa zenye zaidi ya asilimia 0.1 hadi asilimia 6 ya haidrojeni peroksaidi ziuzwe kwa madaktari wa meno pekee, na zisitumiwe na mtu aliye chini ya miaka 18. Kwa hiyo jeli isiyoandikwa kiwango chake mimi siinunui, hata ikiwa rahisi namna gani. Taa ya buluu inayofungashwa pamoja na jeli si sababu ya kulipa zaidi. Ile haidrojeni peroksaidi ya chupa ya kusafishia vidonda nayo isigeuzwe dawa ya kung'arisha, kwa sababu husambaa kwenye fizi na huweza kuziunguza. Mtu mwenye jino lililotoboka atibiwe kwanza, na mwenye jino lililozibwa au la bandia ajue kwamba hilo halitabadilika rangi.

Linaloniuma zaidi ni la watu wa kwetu. Kuanzia Maji ya Chai hadi Ngarenanyuki, maji ya chini ya Mlima Meru yana floraidi nyingi, mara nyingi kupita miligramu 1.5 kwa lita ambazo Shirika la Afya Duniani linashauri zisivukwe, na waliokunywa maji hayo utotoni, meno yao ya ukubwani yalipokuwa yakijengeka ndani ya ufizi, wengi wana meno ya kahawia. Vijana hao ndio wanaouziwa poda na jeli kwa ahadi kubwa kuliko wote. Hakuna mswaki wala mkaa utakaoondoa rangi hiyo, kwa kuwa ni sehemu ya enameli yenyewe, na peroksaidi peke yake huweza kuyafanya mabaka meupe yaliyo kwenye meno hayo yaonekane zaidi. Daktari wa meno anaweza kukwangua tabaka jembamba sana la juu kwa dawa maalumu, au kulifunika jino kwa nyenzo yenye rangi yake, na kijana akiniuliza, humwambia aziweke fedha za vikopo vitatu vya poda ziwe mwanzo wa gharama hiyo.