Picha Zilirudi Bila Majina

Baba hakujua kuandika jina fupi. Faili ambalo mtu mwingine angeliita "harusi 3", yeye aliliita "Harusi ya shemeji Urambo mvua imetukuta tumekula chini ya turubai". Alikuwa anachapa kwa kidole kimoja, kile cha shahada, miwani imeshuka hadi ncha ya pua, na kila alipomaliza jina alilisoma kwa sauti kama anatangaza treni inaingia. Mazoea ya kazi. Utumishi wake karibu wote aliumalizia kwenye Reli ya Kati, stesheni masta wa vituo vidogo vidogo: Goweko, Nyahua, Usoke, Kaliua, Nguruka. Kila kituo kilituachia picha chache na, mara nyingine, mtoto mmoja.

Alipostaafu tukarudi Tabora mjini, nyumba ya Ng'ambo, na mchwa wakawa wametutangulia kwenye albamu. Aliyewahi kuishi Tabora hahitaji kuhadithiwa habari za mchwa. Unaegemeza kabati ukutani mvua zinaanza, unakuja kulivuta mvua zimekatika, unakuta wenzako wameshapandisha udongo hadi rafu ya tatu. Albamu mbili zilikuwa zimeliwa pembeni. Baba akatoa fedha kwenye kiinua mgongo, akanunua kompyuta ya mezani iliyotumika na skana, akakaa nayo sebuleni kama mtu aliyeajiriwa upya. Picha moja, jina moja, folda moja tu kwenye disk D, nayo aliiita PICHA ZETU.

Kila picha ikishaingia kwenye kompyuta, ile ya karatasi aliigawa. Nyingine zikaenda Mwanza kwa kaka, nyingine Mpanda kwa baba mdogo, nyingine akawapa wageni waliopita kusalimia tu. Mama alilalamika, akajibiwa: "Karatasi chakula cha mchwa. Humu ndani hawaingii."

Alitutoka mwaka 2018. Kompyuta ikabaki palepale sebuleni, na Mama akawa na utaratibu wake: kila Ijumaa jioni mmoja wetu anamfungulia PICHA ZETU, anataja anayoitaka. Hakuwa anajua kutumia mausi, lakini majina ya Baba alikuwa anayajua. "Niwekee ile ya inspekta kavua kofia."

Desemba 2019, embe zimeanza kuiva, mdogo wetu wa mwisho akaipeleka kompyuta kwa fundi "kupigwa window". Sababu alikuwa nayo. Mashine ilikuwa imechoka, disk C imejaa pomoni, na Microsoft walikuwa wametangaza kwamba ifikapo Januari 14, 2020 Windows 7 haitaletewa tena masasisho ya usalama. Fundi akakuta disk imegawanywa vipande viwili, C na D, akafuta vyote, akafanya kimoja kikubwa, akaweka Windows 10. Alipoulizwa baadaye alisema aliuliza kama kuna vitu vya maana. Mdogo wangu anasema hakuulizwa neno. Mpaka leo kila mmoja namsikiliza, na kila mmoja namwitikia.

Mimi nilikuja kukuta kompyuta inang'aa, inawaka haraka, na mdogo wangu anamimina muvi kutoka kwenye flashi, zile za Kikorea zilizotafsiriwa. Mama amekaa kwenye kiti chake anasubiri ile ya inspekta.

Sitaki kueleza sana jioni ile. Mama hakulia, alinyanyuka akaenda kuswali Magharibi na hakurudi sebuleni.

Mwalimu mmoja jirani yetu akanipa namba ya kijana anayetengeneza simu karibu na soko kuu. Nikampigia, nikaanza kumweleza tangu mwanzo, akanikata kwa adabu: "Dada, samahani. Imewaka sasa hivi? Izime. Usiifungue kuangalia chochote, chomoa waya ukutani kabisa." Asubuhi nikapanda bajaji, CPU nimeipakata mapajani.

Yule kijana hakuwa mwepesi wa kutia moyo, na kwa hilo nilimpenda. Alifungua kasha, akatoa hard disk, akasoma lebo yake, 320 GB, akaitikisa kidogo karibu na sikio. "Ya kuzunguka. Afadhali." Ingekuwa SSD, zile za kisasa zisizozunguka, alisema, angenipa pole na kunirudishia mashine yangu, maana Windows ikishafuta kwenye SSD inaiambia disk yenyewe kwamba sehemu ile haina kazi tena, na disk inaisafisha kimyakimya. Hii ya kuzunguka haina haraka hiyo. Ukiipiga fomati ya haraka, kinachoondoka ni orodha inayosema faili gani liko wapi, na faili lenyewe linabaki mpaka lingine liandikwe juu yake. Nikamwambia basi ni bohari la reli lililochanwa daftari: magunia yapo, ila hakuna anayejua la nani liko kona gani. Akacheka, akasema hivyohivyo, ila mdogo wako ameshaanza kuingiza magunia mengine.

Zile muvi.

Aliniagiza disk ya nje, tupu, kwa sababu kinachookolewa hakiandikwi kwenye disk ileile inayookolewa. Ukifanya hivyo unafukia kwa mkono wako mwenyewe. Kisha akaiunganisha disk ya Baba kwenye laptopu yake kwa kifaa cha USB. Alianza na programu ya TestDisk, akitafuta mipaka ya zamani ya D. Mipaka aliiona, nikamwona anatabasamu, halafu tabasamu likakatika: pale ilipokuwa orodha ya D pameshakaliwa na mafaili mapya. Akahamia PhotoRec. Programu zote mbili ni za bure, kazi ya Mfaransa mmoja, Christophe Grenier, na ukiiona PhotoRec hutaidhania kitu: skrini nyeusi, maandishi meupe, hakuna hata kitufe cha kubofya. Yenyewe haishughuliki na orodha. Inapita disk tangu mwanzo mpaka mwisho, kipande kwa kipande, ikinusa alama za kuanzia. Kijana alinichorea nyuma ya boksi la chaja: FF D8 FF. "Kila picha ya JPEG inaanza hivi. Ikikutana na hizi tatu, inajua hapa kuna picha, inaanza kubeba."

Nikakaa kwenye benchi naangalia. Kuna mstari mmoja umeandikwa jpg, na mbele yake namba. Namba ilikaa sifuri kwa muda ambao nilimaliza soda. Ilipoanza kupanda, ilipanda kama imefukuzwa. Nikataka kumpigia Mama, kijana akanizuia: "Subiri kwanza tuone ni picha za nini." Jioni umeme ukakatika, laptopu ikaendelea na betri yake, kisha akavuta waya kwenye inverta ya saluni ya jirani, na nikaiacha huko ikilala na kazi yake.

Alikuwa na haki ya kunizuia. Kesho yake tulikuta folda zimejipanga, recup_dir.1, recup_dir.2 na kuendelea, zina picha maelfu kwa maelfu, na za mwanzo zote takataka: vinembo vya kurasa za intaneti, vitufe, mishale, uso wa mwigizaji nisiyemjua ukijirudia saizi ya ukucha. Windows na intaneti nazo zina JPEG zao, na programu haichagui. Kijana akazipanga kwa ukubwa, kubwa zikaja juu. Ya kwanza ilikuwa mbuzi wa Idi amefungwa kwenye mwembe. Ya pili Baba, kofia ya kazi kichwani, anamkazia macho mpiga picha kana kwamba amechelewesha treni.

Nilishangilia mpaka mwenye saluni akaja kuchungulia.

Zilizorudi nzima zilikuwa nyingi, nyingi kuliko nilivyothubutu kuomba. Nyingine zilirudi nusu. Ile ya harusi ya Urambo, kwa mfano: juu vichwa vya watu wote viko wazi, kofia za viua, vilemba, hata jino la dhahabu la bibi harusi linaonekana, halafu kuanzia vifuani kwenda chini ni kijivu kitupu, kimekatwa kwa mstari ulionyooka. Hapo ndipo muvi ilipokaa. Sahani hazipo. Ukingo wa turubai upo.

Na majina hakuna. Faili la inspekta sasa lilikuwa linaitwa f na tarakimu nane. Nikamuuliza kijana majina yako wapi. Akasema majina hayakuwa ndani ya picha, yalikuwa kwenye ile orodha, na orodha imeandikwa juu yake. Picha zetu za simu angalau zilikuja na tarehe, maana kamera ya simu inaibandika tarehe ndani ya faili lenyewe. Za Baba zilitoka kwenye karatasi kupitia skana, na tarehe yoyote iliyokuwa humo ilikuwa ya siku ya kuskani. Alichukua shilingi elfu hamsini, akakataa nyongeza, akaniambia nikanunulie flashi.

Mpaka siku ile nilidhani nimezifuata picha, kumbe kwa upande wangu kilichonikaa rohoni zaidi ni yale majina. Picha za watu waliosimama mbele ya stesheni kila familia ya reli inazo. "Tumekula chini ya turubai" aliandika Baba.

Basi tukaanza kazi ya kuzitambua. Nilibeba laptopu ya kuazima hadi Isevya kwa Shangazi, nikamsalimu shikamoo, akaitika marahaba huku macho yameshafika kwenye skrini. Tukatandika mkeka, akatoa matobolwa na karanga, na kutoka hapo sikupewa nafasi ya kusema. Shangazi anahesabu miaka kwa mimba. "Hapa mama yako anakubeba wewe, tazama miguu ilivyojaa. Hapa bado. Hapa ameshajifungua, tazama anavyotucheka." Kanga nazo anazijua, nani alinunua, nani aliazima na hakurudisha.

Rafiki wa Baba, mstaafu mwenzake, yeye alitumia njia nyingine. Aliniomba nikuze kofia. Beji ikiwa ya East African Railways, alisema, hiyo ni kabla ya 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki haijavunjika. Ikiwa ya TRC, Shirika la Reli Tanzania, ni baadaye. Kwa beji peke yake tulipanga rundo mbili. Halafu akaingia kwenye mapaa, matangi ya maji, idadi ya reli zinazoonekana nyuma ya mtu, na akawa anavitaja vituo bila kusita. Picha moja aliitazama muda mrefu, akasema huyu aliyesimama pembeni ni yeye, na hakumbuki kupigwa.

Majina machache niliyakumbuka mwenyewe, Mama akakumbuka mengi zaidi, nikayachapa kama alivyokuwa anayachapa Baba, marefu. Nakala ziko kwenye ile disk ya nje, kwa kaka Mwanza, na kwenye Google Drive ambayo Mama anaiita "huko juu". Nilimwonya kaka asiwatumie watu kwa WhatsApp kama picha za kawaida, maana inazibana zinapungua ubora. Amewatumia.

Iliyobaki na kesi ni moja. Mama yuko kwenye jukwaa la stesheni, mtoto mgongoni, na nyuma yake kibao cha jina la kituo kimezibwa na kapu lililobebwa na mtu aliyepita. Inaonekana herufi ya mwisho tu, na hiyo nayo nusu. Shangazi anasema Usoke, mtoto ni kaka. Mama anasema Nguruka, mtoto ni mimi. Mzee wa reli aliombwa aamue, akatazama paa, akatazama wale kina mama wawili, akasema miwani yake ameisahau nyumbani. Ilikuwa kifuani, inaning'inia kwenye kamba.

Nikachapa: "Mama na mtoto Usoke kwa kauli ya Shangazi au Nguruka kwa kauli ya Mama kapu limeziba kibao." Nikamsomea Mama. Akafikiri kidogo.

"Ongeza hapo," akasema, "kwamba Mama ndiye aliyekuwepo."

Nikaongeza. Shangazi bado hajaiona.