Nilivyoyasafisha maji taka ya kiwanda cha ngozi

Nilipokabidhiwa mtambo wa maji taka, maji yote ya kiwanda yalikuwa yakiishia kwenye tangi moja: ya kulowekea ngozi, yaliyojaa chumvi, ya kuondolea manyoya, yenye chokaa na salfaidi, na ya kromu, madini ya kutengenezea ngozi, yenye tindikali. Kabla sijagusa kitu kingine niliomba mafundi bomba watenganishe mifereji. Salfaidi ikikutana na tindikali hutoa haidrojeni salfaidi, ile gesi inayonuka mayai viza. Ikizidi huua pua kwanza, halafu humuua mtu. Hapo hapana mjadala.

Maji ya kromu nikayapandisha pH, yaani nikayapunguzia tindikali, hadi kati ya 8 na 9, kromu ikajitenga na kuwa tope la kijani. Nilianza na chokaa, kisha nikahamia oksidi ya magnesiamu. Ni ghali na haina haraka, ila tope lake hushikana likatua vizuri, na ukiliyeyusha kwa asidi ya salfuriki kromu inarudi kwenye mapipa ya kutengenezea ngozi. Maji ya chokaa nayo niliyapuliza hewa, nikatia salfeti ya manganisi kidogo kama kichocheo, mpaka vipimo vikaonyesha salfaidi imekwisha. Ndipo nikayakutanisha yote, nikatia shabu ili uchafu ugande na kuzama. Kipimo cha shabu nilikipata kwenye bilauri kadhaa zilizopangwa mezani, kila moja na dozi yake. Kukisia ni kupoteza dawa.

Baada ya hapo ndipo zamu ya bakteria, na mimi hapa ndipo nilipopapenda. Mbegu ya tope hai, yaani tope lenye bakteria wanaokula uchafu, niliichukua kwenye mtambo mwingine wa maji taka, nikaizoesha chumvi kidogo kidogo, maana chumvi ikiingia kwa kishindo bakteria hulegea. Chakula chao pia kina masharti. Kwa kila sehemu 100 za uchafu unaooza wanahitaji kama 5 za nitrojeni na 1 ya fosforasi. Maji ya ngozi yana nitrojeni ya kumwaga, lakini fosforasi ni haba, kwa hiyo niliwatilia asidi ya fosforiki. Oksijeni niliishikilia kwenye miligramu 2 hivi kwa lita.

Kila asubuhi nachota tope hilo la bakteria, nalijaza kwenye silinda ya lita moja na kusubiri dakika 30. Likiwa la kahawia, likatua pamoja na kuacha maji angavu juu yake, siku hiyo nina amani. Likielea vipandevipande, naenda moja kwa moja kuuliza nini kimemwagwa usiku.

Chumvi yenyewe ndiyo haiondoki, si kwa shabu wala kwa bakteria. Dawa yake iko ghalani, kuikung'uta kwenye ngozi mbichi kabla ya kuziloweka. Wenzangu wa ghala wanaikung'uta sasa, ingawa bado wananinung'unikia vumbi.